Mzazi Si Mfuko wa Shule

Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule ya msingi ya serikali iliyo katika kata ninayoishi. Ajenda zilikuwa nne: taarifa ya Mwalimu Mkuu, chakula cha mchana, malipo ya mlinzi, na mengineyo. Tulijadili debe la mahindi na kilo za maharage kwa muda wa saa moja na nusu. Mlinzi naye alichukua nusu saa. Tulipofika kwenye mengineyo, jua likiwa limekwisha kuwa kali na kina mama wengi wakianza kukusanya vitenge vyao waondoke, bibi mmoja aliinua mkono.

Alisema: "Mwalimu, mjukuu wangu yuko Darasa la Nne. Daftari lake limejaa vema. Lakini juzi ililetwa barua ya serikali ya mtaa, nikampa anisomee, akashindwa. Sasa nauliza, zile vema ni za nini?"

Watu walicheka. Mwenyekiti, kwa adabu kabisa, alimwomba bibi akamwone mwalimu wa darasa kwa wakati wake, kwa kuwa hilo lilikuwa "suala binafsi". Mkutano ukafungwa kwa sala.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Iweje katika mkutano wa watu wapatao mia mbili, walioitana kwa sababu ya watoto wao na shule yao, jambo pekee lililohusu kujifunza kwa mtoto likawa ndilo suala binafsi, na mshahara wa mlinzi ukawa suala la umma?

Jibu langu ni kwamba uhusiano wa shule na familia katika nchi yetu umejengwa kwa muda mrefu juu ya mchango. Tumemzoesha mzazi kuitwa shuleni kwa mambo mawili tu: atoe kitu, au apokee mashtaka dhidi ya mwanawe.

Historia inatusaidia kuelewa tulifikaje hapa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, wananchi walifyatua matofali, wakachimba misingi na kubeba mchanga kichwani. Zile zilikuwa nguvu za wananchi kwa maana halisi, na ziliacha hisia njema: shule ni yetu, tumeijenga. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002, baada ya ada kufutwa, kamati za shule zilipewa mamlaka ya kusimamia fedha na ujenzi wa madarasa. Hapo napo mzazi alionekana. Alionekana, hata hivyo, kama mjenzi na mlipaji. Hakuna aliyemketisha na kumweleza mtoto wa Darasa la Pili anatakiwa kujua nini kufikia mwezi wa Novemba.

Kisha likaja agizo la elimumsingi bila malipo, kupitia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, lililoanza kutekelezwa Januari 2016. Lilikuwa jambo jema, na sitaki nieleweke vibaya. Watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa michango waliingia darasani. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ukafafanua majukumu ya wadau, na mzazi akabaki na sare, madaftari, kalamu, chakula na matibabu ya mwanawe. Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Walimu wakuu niliozungumza nao wanakumbuka kipindi hicho kwa hofu: kumwita mzazi shuleni kuliweza kutafsiriwa kuwa ni kumdai.

Hapo ndipo udhaifu wetu ulipofichuka. Fedha zilikuwa ndiyo kamba pekee iliyofunga nyumba na shule, na kamba hiyo ilipokatwa hapakubaki kitu. Baadhi ya wazazi walihitimisha kwamba elimu bila malipo maana yake ni elimu bila mzazi. Baadhi ya walimu nao walipumua, kwa kuwa asiyetoa chochote hana la kuuliza.

Leo kila upande una usemi wake. Mwalimu husema wazazi hawana mwamko. Neno hilo, mwamko, limekuwa kichaka cha kujifichia. Bibi aliyeacha genge lake asubuhi nzima, akaketi juani saa tatu, akauliza swali ambalo hata maofisa hawakuliuliza, anakosa mwamko gani? Mzazi naye husema kufundisha ni kazi ya mwalimu, ndiye anayelipwa mshahara. Huo nao ni ukwepaji. Mtoto hukaa shuleni saa chache za siku, tena kwa siku tano za juma. Saa zilizobaki, pamoja na likizo zote, ni za nyumbani na mtaani.

Tulilipata somo hili kwa nguvu mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na za msingi zikafunguliwa tena mwishoni mwa Juni. Vipindi vilirushwa redioni na kwenye televisheni. Kwa zaidi ya miezi mitatu kila nyumba iligeuka shule bila kuandaliwa, na wazazi wengi waligundua kwamba hawakujua mtoto wao ameishia wapi. Hawakuwa wamekataa kujua. Hawakuwa wameambiwa.

Tazama taarifa ya maendeleo tunayompelekea mzazi. Inasema: Hisabati 34, Kiswahili 58, nafasi ya 61 kati ya 97. Mzazi aifanyie nini namba hiyo? Inamwambia mtoto wake ameshindwa na watoto wangapi. Haimwambii anashindwa nini. Je, anashindwa kuunganisha silabi? Anasoma lakini haelewi? Anajua kujumlisha, ila kukopa katika kutoa kunampiga chenga? Mzazi huona namba, hukasirika, na jibu lililo karibu naye ni fimbo au masomo ya ziada ya kulipia. Tumempa hukumu bila kumpa maelezo, kisha tunamlaumu kwa kutoshiriki.

Asidhani mzazi wa shule za binafsi za mchepuo wa Kiingereza kwamba maneno haya hayamhusu. Mara nyingi anayelipa ada kubwa hujiona amenunua pia ruhusa ya kutouliza. Tena huko kuna kizuizi cha ziada: dayari ya mtoto huandikwa kwa lugha ambayo mama au bibi anayeshinda naye hawezi kuisoma, akaweka saini mahali alipoonyeshwa. Shule zetu za serikali zina hazina hapa wasiyoithamini wengi. Zinafundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo wazazi walio wengi wanaweza kuizungumzia kazi ya shule wakiwa jikoni, shambani au dukani. Ni ajabu kwamba tunayo lugha ya kuzungumza na mzazi, na hatuzungumzi naye.

Nini kifanyike? Sipendekezi mradi mpya wala semina ya siku tatu hotelini. Mfumo upo. Kamati za shule zipo kisheria. Upo pia ushirikiano wa wazazi na walimu, UWaWa, ulioanzishwa katika shule nyingi. Tatizo ni ajenda. Nina mapendekezo manne.

Kwanza, mkutano wa wazazi uanze na kujifunza, mahindi yafuate. Kila muhula, ajenda ya kwanza iwe maelezo ya mwalimu wa kila darasa: katika watoto wangu hawa, wangapi wanasoma aya fupi kwa ufasaha, wangapi wanasoma sentensi tu, wangapi bado wako kwenye silabi. Majina yasitajwe, aibu haijawahi kumfundisha mtoto kusoma. Jambo hili halihitaji utaalamu mkubwa. Kuanzia mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba nchini wakiwapima watoto kwa majaribio ya kiwango cha Darasa la Pili, na mara kwa mara walikuta watoto wengi wa Darasa la Tatu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango hicho. Jaribio lilikuwa la dakika chache, nyumbani kwa mtoto. Kilichowezekana kwa mgeni uani kinawezekana kwa mwalimu darasani.

Pili, taarifa ya maendeleo iwe na sentensi tatu za Kiswahili chepesi: anachoweza, asichoweza bado, na cha kufanya nyumbani. "Anasoma maneno ya silabi mbili. Bado hasomi sentensi ndefu. Msikilizeni akisoma ukurasa mmoja kila jioni." Bibi asiyejua kusoma atasomewa sentensi hizo na jirani na atajua la kufanya.

Tatu, kazi ya nyumbani izingatie nyumba zilivyo. Mzazi asiyejua kusoma si mzazi asiye na la kufundisha. Anaweza kuketi na kumwambia mtoto, "Nisomee, kisha nisimulie ulichosoma." Mama wa genge anayerudisha chenji kichwani anafundisha hesabu kila siku, kilichokosekana ni mwalimu wa kumwambia kwamba anachofanya ni hesabu, na kumwomba mtoto akae pale jioni mbili kwa juma. Babu mwenye hadithi na vitendawili anajenga msamiati ambao kitabu cha kiada hakiwezi kuujenga peke yake. Tukiendelea kuutambua mchango wa mzazi kwa debe na risiti tu, utajiri huu wote utabaki nje ya geti.

Nne, muda. Mikutano mingi huitishwa asubuhi ya siku ya kazi, kisha tunashangaa mahudhurio kuwa haba na kuwa ya wanawake watupu. Iitishwe Jumamosi jioni, au siku isiyo ya gulio, na katika msimu ambao watu hawako mashambani. Na kina baba, wenzangu, tuache kujitokeza shuleni siku ya uhamisho na siku ya matokeo pekee. Mtoto husoma macho ya baba yake kabla ya kusoma kitabu. Akiona daftari lake halitazamwi, hujua limewekwa wapi katika orodha ya mambo ya nyumba ile.

Najua mwalimu anayesoma makala hii atasema: "Daktari, ninafundisha watoto tisini, wewe unaniomba niandike sentensi tatu kwa kila mmoja." Hoja hiyo ni ya haki, na sitaipuuza. Kiwango chetu wenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Anayebeba mara mbili ya hapo hawezi kumjua kila mtoto, na hakuna ushirikiano wa familia utakaoziba pengo la walimu. Vilevile, ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka ilipangwa tangu enzi za MMEM, na kila mwenye kununua sukari anajua shilingi ya wakati ule haikuwa shilingi ya leo. Serikali isigeuze ushirikiano wa wazazi kuwa njia ya kurudisha mzigo wake mlangoni kwa maskini. Nasema hili wazi kwa kuwa hatari hiyo ipo: kila neno zuri tulilowahi kulibuni kuhusu ushirikishwaji limeishia kwenye daftari la michango.

Hata hivyo, mwalimu wa watoto tisini ndiye anayemhitaji mzazi kuliko wote. Hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kila siku. Watu tisini nyumbani wanaweza, kila mmoja wake. Aanze na wale kumi walio nyuma zaidi: sentensi tatu, kwa wazazi kumi, kwa muhula mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwalimu wetu kwa miaka mingi ameachwa na kidole kimoja.

Baada ya mkutano ule nilimfuata bibi, nikamwamkia na kumwuliza kama alikwenda kumwona mwalimu. Alinitazama kidogo, kisha akasema: "Baba, nimeogopa. Wamecheka. Watadhani nimekuja kushitaki, na mimi nilikuja kuuliza."

Tumejenga shule ambazo mzazi hawezi kuuliza bila kuonekana anashitaki, na mwalimu hawezi kuita bila kuonekana anadai. Hapo katikati yupo mtoto wa Darasa la Nne mwenye daftari lililojaa vema, ameshika barua ya serikali ya mtaa mbele ya bibi yake, na haisomi. Miaka michache ijayo ataletewa fomu ya mkopo, hati ya kiwanja, karatasi ya kura. Nazo atampa mtu mwingine amsomee, na atalazimika kuamini atakachoambiwa.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo wewe uliye mzazi, na wewe uliye mjumbe wa kamati ya shule. Mkutano ujao, kabla ajenda hazijathibitishwa, nyosha mkono uombe moja iongezwe juu kabisa: watoto wetu wanasoma? Wakicheka, usikae chini.