Ujasiriamali wa darasani na ule wa Petite Barrière

KILA profesa wa biashara anayealikwa chuoni kuzungumzia ujasiriamali na mabadiliko ya jamii huwa na ujumbe unaofanana: anzisheni biashara, msisubiri kuajiriwa, na jamii itabadilika. Wanafunzi hupiga makofi. Lakini kwa msomaji wetu anayepakia viazi Kanzenze kupeleka Goma, swali ni moja tu: ujumbe huo ukishafika mpakani unaacha nini mfukoni?

Rwanda ni mahali pazuri pa kutafuta jibu kwa sababu huko maneno ya maprofesa hayakuishia ukumbini. Ujasiriamali ulifanywa somo la lazima katika sekondari za juu, na mwaka 2016 mtaala wake ulibadilishwa ili wanafunzi wajifunze kwa vitendo badala ya kukariri. Wachumi wawili, Moussa Blimpo na Todd Pugatch, waliyafuatilia mageuzi hayo katika shule 207. Walimu wa baadhi ya shule hizo, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa mafunzo ya ziada, kisha wanafunzi wao wakalinganishwa na wenzao wa shule zilizobaki.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yanastahili kusomwa polepole. Wanafunzi wanaofanya biashara waliongezeka kwa pointi 5 za asilimia, yaani asilimia 17 juu ya kiwango cha wenzao. Kwa hesabu ya haraka, palipokuwa na wachuuzi kama 29 katika kila wanafunzi 100, sasa walikuwa kama 34. Hapo profesa angeshangiliwa. Hata hivyo, waliokuwa wakifanya kazi za malipo walipungua kwa kiasi kile kile, na kipato cha jumla hakikubadilika.

Kwa maneno mengine, vijana walihama kutoka kibarua kwenda uchuuzi, na mfuko ukabaki ulivyokuwa. Mfanyabiashara wa viazi hatashangaa. Tuseme vijana watano zaidi wanaingia kununua kwa wakulima wale wale wa Kanzenze na kuwauzia wanunuzi wale wale. Shambani bei itasukumwa juu, sokoni itasukumwa chini, na faida iliyokuwa ya mmoja itagawanywa kwa wengi. Wachuuzi wameongezeka, lakini viazi havikuongezeka wala lori halikupatikana.

Ubishi huu una historia. Mwaka 2004 C.K. Prahalad, profesa wa biashara wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alitoa kitabu kilichopata umaarufu mkubwa kikidai kwamba makampuni yanaweza kupata faida na wakati huo huo kupunguza umaskini, kwa kuwauzia maskini. Aliyempinga hakutoka mbali. Aneel Karnani, wa shule hiyo hiyo ya biashara, alijibu kwamba maskini hatoki katika umaskini kwa kuwa mteja, bali kwa kuwa mzalishaji mwenye kipato kizuri zaidi. Alikwenda mbele na kusema kwamba wengi wanaoitwa wajasiriamali hawakuchagua kuwa hivyo, na kwamba wangepewa ajira ya uhakika wangeichukua. Mwandishi wa makala haya, aliyesoma uchumi miaka ambayo mikopo midogo ilisifiwa kama dawa ya kila ugonjwa, anaona hoja ya Karnani imesimama vizuri zaidi.

Neno letu lenyewe, ujasiriamali, limeunganisha ujasiri na mali. Katika kivuko cha Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma, ujasiri haujawahi kuwa haba. Wanawake wenye mabeseni kichwani na walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu zilizojaa mizigo wamevuka hapo kwa miaka mingi bila kufundishwa na profesa yeyote. Kilichopungua ni mali, na sehemu ya mali hiyo ilikuwa ikipotelea mpakani penyewe.

Hapa kuna utafiti wa pili, ambao pengine unatuhusu zaidi. Kevin Croke na wenzake walitathmini mafunzo waliyopewa wafanyabiashara wadogo wa mpaka wa Rwanda na Kongo kuhusu taratibu za kuvuka, viwango vya ushuru na haki zao. Ripoti ilitoka mwaka 2020. Kwa wale waliohudhuria mafunzo, utoaji wa rushwa ulipungua kwa wastani wa pointi 27.5 za asilimia, na visa vya ukatili wa kijinsia vikapungua kwa pointi 30.5 za asilimia. Hayo si mafanikio madogo.

Lakini yalipatikanaje? Mtu angetarajia kwamba mama aliyefundishwa haki zake alisimama mbele ya ofisa na kuzidai. Sivyo walivyokuta watafiti. Wanawake walianza kuvuka alfajiri, nje ya saa rasmi. Walikwepa badala ya kubishana. Ni uamuzi wa kibiashara wenye akili sana, kwani anayebishana na mwenye muhuri mkononi huku mzigo wake unaoza anajua nani atachoka kwanza. Jamii haikubadilika hapo, ni ratiba ya mama ndiyo iliyobadilika.

Na ratiba hiyo haiko mikononi mwake. Julai 2022 Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo lililotarajiwa kurahisisha mambo kwa wenye malori na wenye mabeseni vilevile. Mwezi mmoja kabla, Juni, baada ya askari wa Kongo kuuawa katika kivuko hicho, upande wa Kongo ulianza kufunga mpaka saa tisa alasiri. Mchuuzi aliyezoea kuuza, kurudi na kununua tena siku hiyo hiyo alipoteza safari za jioni. Mtaji haukupungua hata senti, ila mzunguko wake ulipungua, na kwa mtu anayeishi kwa faida ya kila safari hiyo ni hasara kamili. Wasafirishaji nao wanafahamu gharama ya lori linalofika dakika kumi baada ya geti kufungwa.

Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, na benki za mji huo zikafunga milango. Aliyekuwa amepeleka mzigo kwa mkopo, akisubiri malipo yaingie kwenye akaunti, alikuwa mjasiriamali kwa kila kigezo kinachofundishwa darasani. Pesa zake zilikuwa upande wa pili wa geti.