Hifadhi Pekee Haitoshi
Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika nyumba za kulelea watoto wasio na makaazi hapa Visiwani, sahani ya wali na godoro havijatimiza malezi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia kila mtoto, katika Ibara ya 31, haki ya kucheza na kushiriki sanaa. Katika mchezo, mtoto aliyepoteza kwao hujifunza tena kuwaamini wenziwe. Hivyo wakuu wa Serikali hawana budi kutenga fungu la vitabu, mipira na ala za muziki. Nasi wananchi, mafundi wa udi na wa mashua, tujitolee kuwafunza kila wiki. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumewapa hifadhi tukawanyima utoto.