"M2" SI MTU

Malalamiko ya walimu wa Kiswahili juu ya maandishi ya wanafunzi si mageni kwetu, wala haifai kuyapuuza. Mtoto wa sekondari huandika barua ya kuomba kazi, na katikati ya sentensi zake mwalimu hukuta "m2", "wa2", "cjui" na "xaxa", kana kwamba anamwandikia rafiki yake wa mtaani.

Simu nayo itendewe haki. Ujumbe wa kwanza wa maandishi ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba, 1992. Simu zilipoenea kwetu baadaye, ujumbe mmoja haukupita herufi 160, na kila mmoja ulilipiwa. Aliyefupisha maneno alibana fedha yake, kama wazee wetu walivyofanya katika simu za maandishi za posta, zilizolipiwa kwa neno. Lakini wazee wale hawakuandika barua kwa mtindo wa simu. Leo ujumbe upitao katika intaneti haubanwi na mpaka ule, na daftari la shule halikuwa nao tangu zamani. Yamebaki mazoea tu.

Na mazoea haya yanakiumiza Kiswahili mahali penye uhai wake. "M2" husomeka "mtu" kwa yule tu anayeitamka mbili kwa Kiingereza. "Cjui" humtaka msomaji aitaje C kama Mwingereza. Herufi hiyo kwetu haisimami peke yake, bali huongozana na H. X hatunayo kabisa. Mtoto hudhani anafupisha lugha yake, kumbe anaiandika kwa matamshi ya wengine! Tena, "si" ya "sijui" ndiyo inayokanusha, na "tu" ya "tunakwenda" ndiyo inayomtaja mtendaji. Asiyeviona viambishi hivi katika maandishi yake mwenyewe, atachanganuaje sentensi?

Wako wasemao kwamba lugha hukua, na vijana waachwe. Katika simu zao waachwe, hatuna ugomvi, hata n.k. na S.L.P. ni vifupisho, ila hivyo vimekubaliwa na wote. Lakini mwenye kuajiri hatamwuliza kijana kwa nini aliandika "xaxa". Ataiweka barua kando, na atakayeumia zaidi ni yule ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu wala mtu wa kumsahihisha.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa si la mtoto. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kusahihisha insha za wote kila juma. Basi huandikisha chache, na mtoto humaliza muhula akiwa ameandika zaidi katika simu kuliko katika daftari. Wenye dhamana ya elimu hawana budi kumpunguzia mwalimu huyo vipindi, ili insha irudi darasani na kalamu nyekundu ipite juu yake.

Walimu nao wajitazame wanapowaandikia wazazi. Mzazi aliyepokea kutoka shuleni ujumbe wa "kikao kxho xaa 4", atamwambia nini mwanawe?