Mnafundisha Vitufe, Hamfundishi Kukata

Majuzi nilitumiwa video ya mazishi ya mama mmoja wa pande za Mutomo. Binti yake amesimama kando ya jeneza, maikrofoni mkononi, anataka kulitaja jina la mamake na sauti inagoma. Ananyamaza. Hapo hapo ambapo angeachwa anyamaze, mhariri amekata. Binti anaruka kutoka neno moja hadi jingine kama msoma habari, kisha picha inatikisika, inametameta mara tatu, na jeneza linatujia usoni kwa mdundo wa ngoma. Nilimuuliza kijana aliyeiediti ni kwa nini. Akanijibu, "Mwalimu, hiyo programu huondoa ukimya yenyewe. Na hiyo efekti ndiyo inatrendi."

"Basi urudishe huo ukimya," nikamwambia. Haikuwezekana. Simu ilikuwa imejaa, kwa hivyo alifuta klipu zote asilia mara tu video ilipokamilika. Ukimya wa yule binti, ambao familia ingeutafuta miaka 20 ijayo, hauko tena popote.

Kabla hujamcheka, ujue kijana huyu ana cheti. Amesomea kuhariri video miezi mitatu, karo imelipwa kwa ndengu na mbuzi wawili, na mtihani alipita. Simlaumu yeye. Ninatulaumu sisi tunaofundisha kazi hii Kitui, Mwingi, Wote, Emali na Kibwezi, vyuoni, orofani juu ya maduka, kwenye saiba zenye kompyuta sita. Tunafundisha vitufe, kisha tunaviita ufundi.

Darasa lenyewe mnalijua. Projekta inawaka, mwalimu anasema "bonyeza Ctrl na K", na wanafunzi wanaandika kwenye daftari kwamba Ctrl na K ni kukata. Kweli, ndani ya Premiere hukata. Fungua DaVinci Resolve, ni Ctrl na B. Aliyekariri K anaganda hapo kama aliyepotea stendi ya basi. Na katika miezi yote mitatu hakuna siku aliyoulizwa swali lenye maana: unakata wapi, na kwa nini hapo?

Vitufe vyenyewe havimngoji mtu. Juni 2011 Apple ilitoa Final Cut Pro X na papo hapo ikaacha kuuza ile ya zamani. Programu mpya haikuweza kufungua kazi zilizofanywa kwenye ya zamani, na watu waliojenga studio nzima juu yake waliamka wageni nyumbani kwao. Mei 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo mapya ya Premiere hayatauzwa tena ununue mara moja ukae nayo. Ni kulipa kodi, kama nyumba. Upande mwingine, mitambo ya da Vinci ya kurekebisha rangi, ambayo zamani iligharimu mamia ya maelfu ya dola, ilinunuliwa na Blackmagic mwaka 2009, na leo Resolve ina toleo la bure. Januari 2025 CapCut ikazimwa kwa muda huko Marekani kwa sababu ya sheria iliyomlenga mmiliki wake, ByteDance ya China. Mei mwaka huo huo Google ikaonyesha Veo 3, inayotunga picha pamoja na sauti kutokana na sentensi chache tu.

Hayo yote ndani ya miaka 16. Sisi bado tunasomesha noti zile zile, juu ya kopi ya wizi ya Premiere iliyozeeka. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi tumefungua shule za kuchagua jembe.

Mtazame Walter Murch, Mmarekani. Alikuwa mmoja wa wahariri wa Apocalypse Now, enzi za kukata filamu kwa mkono. The English Patient aliihariri kwa Avid na ikampa Oscar mwaka 1997. Cold Mountain ya 2003 akaihariri kwa Final Cut, wakati wengi Hollywood waliona hiyo ni programu ya wanafunzi. Jembe lilibadilika mara mbili na mkulima alikuwa yule yule. Katika orodha yake ya sababu za kukata, ya kwanza ni hisia ya mtazamaji. Kitufe hakimo kwenye orodha hiyo.

Lakini si lazima twende Hollywood. Nenda kwa kina mwaitu wanaosuka viondo hapa Ukambani. Nyanya zao walisuka kwa nyuzi za magome ya miti, mbuyu ukiwemo. Ukaja mkonge. Zikaja nyuzi za dukani, zenye rangi ambazo mbuyu hauna. Uzi ulipobadilika mkono ulijua la kufanya, kwa sababu aliyefundishwa alifundishwa kuhesabu, kukaza, na kuanza kitako cha kiondo kisilegee. Hakuna mama aliyehitimu "somo la mkonge" halafu akakosa kazi siku mkonge ulipoadimika.

Sasa nawageukia nyinyi mnaovicheka vyuo. "Shule ni ya nini, msee, na CapCut iko kwa simu?" Nawaheshimu. Wengi wenu mnakula kwa jasho lenu: harusi, ntheo, kwaya, wagombea msimu wa kampeni. Simu si dhambi. Ila ukitumia templeti ile ile anayoitumia mwenzako wa Makindu na mwingine wa Manila, mteja atawatofautisha kwa nini? Kwa bei tu. Leo anakulipa ngiri tano, kesho soo tano, keshokutwa anajifanyia mwenyewe akiwa kwa matatu. Kitufe kinachokupa kazi bila kujua chochote kitampa kila mtu kazi hiyo hiyo, bila kujua chochote.

Kwa hivyo tufundishe nini? Kwanza kusikiliza. Mpe mwanafunzi mahojiano ya dakika 40 na mkulima wa maembe wa Makueni, kwa Kikamba. Ayasikilize yote bila kugusa kompyuta, aandike kwa kalamu palipo na uhai. Kisha atoe video ya dakika tatu, ya dakika moja na ya sekunde 15 kutoka kwa klipu zile zile, na kila mkato autetee mbele ya wenzake.

Pili, sauti. Ajue kwamba sauti inaweza kuingia kabla ya picha yake, na kwamba watu huvumilia picha yenye giza kuliko maneno yasiyosikika. Tatu, utunzaji. Klipu asilia zikae katika nakala mbili au zaidi, moja mbali na nyumbani, kwenye folda zenye tarehe na majina. Hilo somo moja lingeuokoa ukimya wa yule binti.

Nne, kufanya kazi na mashine dhaifu, kwa sababu ndizo tulizo nazo. Unatengeneza nakala nyepesi za klipu, unazihariri hizo, kisha mwishoni programu inarudi kwa zile nzito. Kdenlive na Shotcut hufanya hivyo, na zote ni za bure. Laptopu ya mkono wa pili inatosha kujifunzia. Tano, bei na mkataba: klipu ni za nani, na mteja atarekebishiwa mara ngapi kabla ya kuongeza pesa. Serikali imeshajua thamani ya kazi hii. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta makato ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali. Mtoza ushuru anajua bei ya mwanafunzi wetu kuliko mwanafunzi mwenyewe.

Na vitufe? Vifundishwe, lakini kwa programu mbili sambamba tangu wiki ya kwanza, ili aone kwa macho yake kwamba kukata ni kule kule.

Najua mtakachosema. Waajiri huandika jina la programu kwenye tangazo la kazi. Kweli, na mwenye msingi huizoea programu mpya kwa wiki chache. Aliyekariri hulipa karo upya. Mtasema pia akili mnemba itakata yenyewe. Tayari inakata! Tangu 2023 Premiere inakuruhusu kuhariri video kwa kufuta maneno kwenye maandishi ya mazungumzo. Iwekee hotuba ya Kikamba basi, uone itakachoandika. Na hata siku itakapokijua Kikamba, ukimya itaupima kwa sekunde. Haitajua upi ni wa msemaji aliyesahau hotuba na upi ni wa mtoto aliyeshindwa kulitaja jina la mamake. Kuutofautisha ndiyo kazi inayobaki kwetu, nayo ndiyo hatuifundishi.

Mtihani wangu ungekuwa huu: mwanafunzi anakalishwa mbele ya programu ambayo hajawahi kuiona, anapewa klipu na siku nzima. Asubuhi ahangaike, atafute, aulize intaneti. Jioni alete dakika mbili zinazomfanya mtu asiyemjua marehemu amlilie. Akiweza, mpe cheti, na usiandike juu yake jina la programu yoyote.

Nanyi wazazi mnaouza ndengu, mkifika pale ofisini kabla ya kutoa M-Pesa, muulizeni mwenye chuo swali moja: hii programu ikifa kesho, mwanangu atabaki na nini? Akianza kuwaonyesha kompyuta mpya, rudini nyumbani na pesa zenu.