UBORA WA MAZIWA HUANZA ZIZINI

Mkulima wa Nyacheki, katika vilima vya Bobasi, Kaunti ya Kisii, hana haja ya kufundishwa kwamba bidhaa njema huanza shambani. Achumapo chai huchagua majani mawili na chipukizi, kwa kuwa ajua majani yaliyokomaa yatakataliwa kituoni. Lakini jioni huenda mtu huyo huyo akamkamua ng'ombe wake penye matope, na maziwa akayatia katika mtungi wa plastiki usioingia mkono wa kuusugua. Wataalamu wa maziwa wasema hapo ndipo hasara ianzapo, wala hakuna kiwanda kiwezacho kuyaondolea maziwa uchafu huo baadaye.

Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la mwili, nalo huwafaa sana vijidudu. Katika joto hilo kijidudu kimoja huweza kuwa viwili kabla ya nusu saa kwisha. Kwa hiyo yapasa maziwa yapozwe upesi, nyuzi 4 za sentigredi zikiwa bora. Asiye na mashine ya baridi na aweke chombo chake katika maji baridi, kivulini, kisha ayapeleke sokoni bila kukawia.

Kabla ya kukamua, mkamuaji aoshe mikono, asafishe chuchu na kuzikausha kwa kitambaa safi. Matone ya kwanza ayakamulie katika kikombe cheusi: akiona mabonge au damu, ajue kiwele kina ugonjwa, na maziwa hayo yasichanganywe na mengine. Chombo kiwe cha alumini au chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo mpana.

Jambo gumu zaidi ni dawa. Ng'ombe akiisha kudungwa sindano ya kuua vijidudu, maziwa yake hayauzwi wala hayanywewi mpaka zitimie siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Ni kweli kwamba mwenye ng'ombe mmoja huumia kuyamwaga, maana karo na sukari hutoka humo. Hata hivyo kuchemsha hakuiondoi dawa hiyo, na chachu ya mtindi hufa ikutanapo nayo. Samaki mmoja akioza huoza wote: mtungi wa mtu mmoja waweza kuharibu tangi zima la jirani zake.

Wataalamu wanakiri pia kwamba kumlipa mkulima kwa lita peke yake humvuta mtu atie maji. Huko Nakuru, kiwanda cha Happy Cow kilijaribu kuwaongezea malipo wakulima wenye maziwa safi. Halmashauri ya Maziwa ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1958, ina kazi ya kusimamia biashara hii. Lakini haiwezi kusimama katika kila zizi. Wanachama wa kila chama cha ushirika na wadai maziwa yapimwe mbele yao, na aliye msafi apate zaidi. Hapo mkulima atakuwa na sababu ya kuyamwaga yaliyo mabaya.