Santuri Yetu, Ghala la Wengine

Wapo wadaio kwamba gitaa la umeme ni sumu ya utamaduni. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Twakanusha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Patrick Balisidya na bendi yake, Afro 70, walishirikiana na Archimedes Badkar, wapiga roki ya njozi wa Uswidi, wakatoa santuri yenye jina la Kiswahili: Bado Kidogo. Hapo nani alimmeza nani? Aibu yetu ni nyingine: santuri hiyo ilitolewa Uswidi. Mwanafunzi wa Mkomaindo, anayejivunia sindimba, ataisikia wapi? Mwacha asili ni mtumwa, asiyeihifadhi je? Walimu, zikusanyeni santuri kabla vumbi halijazila.