Nusu Fainali ya Mwaka 2003: Bahati au Jasho?



Wiki hii tunajibu ombi lililotufikia kutoka Machakos, kwa familia yenye asili ya pwani iliyohamia bara tangu zama za mababu zao. Wanatueleza kuwa kila msimu wa kriketi ya kimataifa unapoingia, nyumba yao hugawanyika pande mbili. Mjomba husema Kenya iliwahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na kwamba hakuna nchi nyingine ya Afrika Mashariki iliyofikia daraja hilo. Vijana humjibu kuwa zile zilikuwa alama za bure, na kuwa Kenya ilibebwa na bahati. Bibi wa nyumba, aliyezifuata mechi zile kwa redio huku akipika, humuunga mkono mjomba. Mjadala huanza kwa kicheko, kisha huishia kwa watu kununiana kwenye sinia moja. Wametuomba tuamue.

Tumekubali, kwani swali lao ni kubwa kuliko mchezo. Kijana akiambiwa kuwa mafanikio ya wakubwa wake yalikuwa bahati tupu, hatajifunza lolote kwao. Naye akiambiwa kuwa yalikuwa ushujaa mtupu usio na dosari, hataelewa ni kwa nini hayakudumu.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, tutaeleza kwa ufupi. Katika kriketi ya siku moja kila timu hupewa ova 50, na kila ova ni mipira sita, yaani mipira 300. Timu moja hupiga na kukusanya mbio, nyingine hurusha mpira na kujaribu kuwatoa wapigaji. Wapigaji kumi wakishatolewa, au ova zikimalizika, zamu hubadilika. Mwenye mbio nyingi ndiye mshindi.

Tuanze na hoja ya vijana, kwani nao wana haki ya kusikilizwa. Kombe la mwaka 2003 liliandaliwa na Afrika Kusini, na baadhi ya mechi zikachezwa Zimbabwe na Kenya. New Zealand ilitakiwa ije Nairobi tarehe 21 Februari, ikakataa kwa kuhofia usalama. Miezi mitatu kabla ya hapo, mnamo Novemba 2002, hoteli moja ya Kikambala ilikuwa imeshambuliwa kwa bomu, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kukumbushwa uchungu wa siku ile. Timu ilipokosa kufika, Kenya ilipewa ushindi bila kurusha mpira hata mmoja.

Ushindi huo haukuwa mdogo. Kwa kanuni za mashindano yale, timu iliyoingia katika mzunguko wa sita bora ilibeba alama nne kwa kila mwenzake wa kundi aliyefuzu pamoja nayo naye ikawa imemshinda. New Zealand nayo ilifuzu, kwa hiyo alama zile nne zikahesabiwa. Mwisho wa mzunguko Kenya ilikuwa ya tatu kwa alama 14, na Sri Lanka ya nne kwa alama 11 na nusu. Ondoeni alama nne za New Zealand, Kenya inabaki na kumi, na Sri Lanka inaipita. Hesabu hii ni ya kweli, na mjomba hana budi kuikubali.

Walakini hesabu hiyo haikuishia hapo. Sri Lanka, bingwa wa dunia wa mwaka 1996, ilikuja Nairobi tarehe 24 Februari na kucheza. Kenya ilipiga mbio 210 kwa wiketi tisa, Kennedy Otieno akichangia 60. Kwa timu iliyokuwa na wapigaji kama Aravinda de Silva na Mahela Jayawardene, 210 zilionekana chache. Ndipo akaja Collins Obuya, mrushaji wa mpira unaozunguka ukigusa ardhi. Aliwatoa wapigaji watano kwa mbio 24 tu, de Silva na Jayawardene wakiwemo. Sri Lanka ikamalizika kwa mbio 157, na Kenya ikashinda kwa tofauti ya 53. Hapo hapakuwa na zawadi ya mtu yeyote.

Kabla ya hapo Kenya ilikuwa imeishinda Kanada mjini Cape Town. Baadaye ikaishinda Bangladesh kwa mbio 32, Maurice Odumbe akifikisha mbio 52 bila kutolewa na kisha kuwatoa wapinzani wanne. Katika mzunguko wa sita bora ikaishinda Zimbabwe kwa wiketi saba. Kwa jumla Kenya ilicheza uwanjani mechi tisa, ikashinda nne na kushindwa tano. Afrika Kusini iliishinda bila kupoteza hata wiketi moja, na West Indies ikaishinda kwa tofauti ya mbio 142. Mwenye kusifu ushindi na ayataje na haya.

Wala Kenya haikuzuka ghafla mwaka ule. Mwaka 1996, katika mji wa Pune nchini India, ilikuwa imeiangusha West Indies kwa kuimaliza kwa mbio 93. Mwaka 1998 iliishinda India nyumbani kwake, mjini Gwalior, na mwaka 2001 ikaishinda tena mjini Port Elizabeth. Bahati humtembelea mtu mara moja au mbili, lakini haimzoei kiasi hicho.

Katika yote hayo kuna siku moja ambayo tunaona kila nyumba ya pwani ingefaa kuwasimulia watoto wake, nayo ni siku ambayo Kenya ilishindwa. Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, timu ambayo haikupoteza mechi hata moja katika mashindano yale hadi ikatwaa kombe. Mwanzo tu Brett Lee aliwatoa wapigaji watatu wa Kenya kwa mipira mitatu mfululizo, na kwa taabu Kenya ikafika mbio 174. Australia ikaanza kuzifukuza kwa kasi ya kutisha, na waliokuwa wakitazama wakadhani mambo yangekwisha kabla chai haijapoa.

Ndipo Aasif Karim akapewa mpira. Huyu ni mwana wa Mombasa, alizaliwa huko mwaka 1963. Alikuwa na umri wa miaka 39, alikuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la mwaka 1999, kisha akastaafu. Akaombwa arudi, akarudi. Aliwahi pia kuiwakilisha Kenya katika tenisi ya Kombe la Davis. Hakuwa na kasi wala vishindo. Alirusha mpira wake wa mkono wa kushoto, taratibu, pale pale alipokusudia, mara baada ya mara. Akamtoa Ricky Ponting, nahodha wa Australia. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg. Katika ova nane na mipira miwili alitoa mbio saba tu, na ova sita kati ya hizo hazikupatikana mbio hata moja. Australia ilishinda kwa wiketi tano, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa mzee wetu wa Mombasa.

Tunaitaja siku hii kwa sababu inawarekebisha pande zote mbili za ile nyumba ya Machakos. Vijana hupima mchezo kwa matokeo pekee: nani kashinda, nani katolewa. Mjomba naye hupima kwa fahari. Karim siku ile hakupata ushindi, na wala hakuwa na la kujivunia katika ubao wa matokeo ya timu yake. Alichokuwa nacho ni kazi yake, aliyoijua barabara na kuifanya kwa utulivu mbele ya timu bora duniani.

Kisha ikaja nusu fainali, Alhamisi ya tarehe 20 Machi, katika mwezi wa Muharram mwaka 1424. Wengi wetu tunaikumbuka Alhamisi hiyo kwa jambo jingine: ndiyo siku vita vya Iraki vilipoanza na mabomu yakaanguka Baghdad. Nyumba nyingi zilikuwa na redio moja na habari mbili, na haikuwa rahisi kujua ni ipi isikilizwe. Huko Durban India ilipiga mbio 270, Sourav Ganguly akifikisha 111 bila kutolewa na Sachin Tendulkar 83. Nahodha wetu Steve Tikolo alipiga 56, lakini Kenya ikamalizika kwa 179. Tofauti ya mbio 91 haihitaji mwamuzi.

Basi hukumu yetu ni hii. Mlango mmoja ulifunguliwa na waliokataa kuja. Milango mingine Kenya iliifungua kwa mikono yake. Vijana wasiseme ilibebwa, na mjomba asikasirike akitajiwa New Zealand.

Lakini hukumu hii haitoshi, kwani swali zito liko mbele yake: baada ya hapo kulikuwaje? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya mwaka 2003 Kenya ilipata mechi chache mno za kimataifa, ilhali wachezaji walikuwa katika ubora wao. Viongozi wa mchezo wakazozana, na wachezaji wakagoma kwa sababu ya malipo. Mwaka 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano baada ya kuonekana na hatia ya kupokea fedha kutoka kwa watu wa kamari. Hatuitaji habari hii ili kumsengenya mtu aliyekwisha kuitumikia adhabu yake na kurudi uwanjani. Tunaitaja kwa kuwa ilikuwa jeraha kwa timu nzima. Mwaka 2011 Kenya ilishindwa mechi zake zote sita za Kombe la Dunia, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza kriketi ya siku moja ya kimataifa. Miaka 11 ilitosha kuteremka ngazi ambayo kuipanda kulichukua umri wa mtu.

Hapa tunawageukia wazazi, na hasa akina mama. Tazameni majina ya timu ile: Kennedy, Collins na David ni ndugu wa tumbo moja, Martin na Tony Suji ni ndugu, Tikolo ana kaka zake waliocheza, na Irfan, mwana wa Aasif Karim, naye aliichezea Kenya. Mchezo ule ulilelewa majumbani na katika vilabu vichache. Hilo lilikuwa nguvu yake, kwani mtoto hujifunza upesi anachokiona kwa kaka yake. Lilikuwa pia udhaifu wake, kwani kizazi kile kilipozeeka hapakuwa na wengi wa kukipokea. Machakos ni mji wa kandanda na riadha kuliko kriketi. Kijana wa huko mwenye mkono mzuri wa kurusha yamkini asijue kamwe kuwa anao.

Majirani zetu wametuonyesha kuwa njia haijafungwa. Uganda ilifuzu Kombe la Dunia la ova ishirini la mwaka 2024, na huko ikaishinda Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova nne na kutoa mbio nne tu. Mabinti wa Rwanda walio chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia la mwaka 2023 nchini Afrika Kusini, wakazishinda Zimbabwe na West Indies. Binti anayeuliza ikiwa naye anaweza kushika gongo, akiwa katika stara yake na mahali penye usalama, ana jibu hapo. Tusimkate maneno kabla hajamaliza kuuliza.

Jambo la mwisho ni la simu. Familia ya Machakos imetueleza kuwa miongoni mwa vijana wao wamo wanaozifuata timu kwa ajili ya kubeti, na kwamba kununa kule kwenye sinia aghalabu hutokana na fedha zilizopotea. Kamari tumekatazwa, na sababu mojawapo tumeiona hapo juu: ndiyo iliyompata mchezaji mkubwa wa taifa. Shabiki aliyeweka fedha haoni tena mchezo. Ova sita za Karim zisizo na mbio zingemwudhi tu ikiwa fedha zake ziko upande wa Australia. Mama akiona mwanawe hana raha hata timu aipendayo ikishinda, na aulize kwa upole habari za simu ile, mapema, kabla ada ya shule haijaguswa.

Kwa hiyo, jamaa zetu wa Machakos, jadilianeni. Mjomba asimulie, vijana walete hesabu, na bibi aachiwe nafasi ya kwanza kwani yeye alisikia mpira kwa mpira. Mkishindwa kuafikiana juu ya New Zealand, mwafikiane kuhusu Durban. Na wasomaji wengine wenye kumbukumbu za mechi zile, iwe ni za klabu za Mombasa au za redio jikoni, watuandikie. Nafasi ya ukurasa huu ni yao pia.

Wabillahi taufiq.